Mchapaji na Mstari Uliokunjwa

Alikuwa akiusikia mwisho wa mstari kabla haujafika. Sisi wengine tuliujua tukishaupita, kalamu imegonga ukingo wa karatasi na neno limekatika vipande viwili. Mtu akiniuliza leo nilijifunzia wapi kazi hii ya kupanga maandishi kwenye kurasa za mtandaoni, jibu la kweli ni kwamba nilijifunzia kwa mama mmoja wa Songea aliyekuwa na taipureta ya chuma na ambaye hakuwahi kumiliki kompyuta. Huwa sijibu hivyo kwa sababu watu hucheka, na mimi mtu akicheka habari za mama huyo huwa sina subira.

Nitamwita Mchapaji, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Wanaotaka kujua alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitawasaidia. Mwenyewe alipoulizwa hayo alijibu, "Hayo waachie watakaonizika. Wewe sema nilikuandikia nini."

Nilikuwa na steshenari Mjimwema: mashine moja ya fotokopi, kompyuta mbili za kukodisha kwa saa, madaftari, bahasha, na baridi ya Juni iliyoingia bila hodi kutoka upande wa milima ya Matogoro. Siku moja aliingia mama mrefu, mwembamba, amefunga kitu kizito kwenye kitenge. Alikuwa amestaafu kwenye ofisi alikochapa barua na orodha za watu kwa miaka mingi. Nilimsabahi, "Shikamoo Mama." Akaitikia, akazungusha macho, akaona kona yenye mwanga karibu na mlango. "Hapa panatosha," alisema. Hakuomba, na mimi mwenye duka nikajikuta nasogeza maboksi.

Ndivyo alivyopata meza. Watu walimletea barua za maombi, risala za harusi, shukrani za msiba. Niliwahi kumwambia kwamba kompyuta ingemrahisishia kazi. Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mgeni aliyeshukia stendi asiyoijua.

Taipureta yake ilikuwa na kengele ndogo iliyolia zikiwa zimebaki herufi chache kufika ukingo wa kulia. Mchapaji asiyejua kazi, kengele ikilia, hukata neno palepale na kushuka. Yeye hakufanya hivyo. Vidole vilipunguza mwendo kidogo, jicho likatazama mbele kwenye rasimu, halafu akaamua: neno hili litaingia, hili literemke zima, sentensi hii ivunjwe baada ya mkato. Yote hayo kwa muda ambao mimi nilikuwa sijamaliza kusikia kengele yenyewe. Nilimuuliza anajuaje.

"Kengele haikuambii ukate," alisema. "Inakuambia ufikiri."

Nililichukulia hilo kuwa neno la taipureta tu. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa.

Alikuwa mgumu kuishi naye, hilo nisilifiche. Alinawa mikono kabla ya kugusa karatasi na alitaka wateja wangu nao wanawe, hata yule aliyekuja kununua kalamu moja. Mtu akila karanga karibu na mashine yake alipata maneno ambayo hakuyatarajia kwa mama anayesali rozari. Alinigombeza nikitupa karatasi iliyoandikwa upande mmoja, lakini yeye mwenyewe akikosea mstari wa mwisho wa ukurasa aliuchana ukurasa mzima na kuanza upya. Nikimkumbusha hotuba yake kuhusu kutupa karatasi alijitia hamnazo, akamimina togwa kutoka kwenye chupa yake, akanywa polepole. Simu aliziita vioo. "Mmeinamia vioo vyenu," alisema, na kila asubuhi swali lake la kwanza baada ya salamu likawa, "Kioo kimesemaje?"

Maana yake jukwaa. Na hapo ndipo yote yalipoanza.

Miaka hiyo nilikuwa nimeshikwa na homa ya kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kulikuwa na jukwaa moja mtandaoni, la Kiswahili, ambako wanafunzi wa kila mkoa waliuliza na kujibiana. Mtu akitaka kuonyesha msimbo, yaani maagizo unayoiandikia kompyuta, aliuweka ndani ya kisanduku cha kijivu ili usichanganyike na maneno ya kawaida. Kwenye kompyuta kisanduku kilipendeza. Kwenye simu ndogo kilikuwa balaa. Mstari mrefu ulitokomea upande wa kulia, na hapakuwa na alama yoyote ya kukuambia kuna maneno mengine huko, usukume kwa kidole.

Sisi wa Songea tulikuwa na utaratibu wetu. Kompyuta ni ya kukodi na umeme una siku zake. Kwa hiyo mtu alisoma jukwaa kwenye simu, akanakili msimbo kwa mkono kwenye daftari, ndipo akaja dukani kuuingiza kwenye kompyuta. Nilikuwa na wanafunzi wa namna hiyo saba au wanane. Wote walinakili nusu mstari na wote walikwama, kila mmoja akidhani ni mjinga peke yake.

Niliandika jukwaani kulalamika, kwa hasira, maana ndivyo nilivyo. Msimamizi wa jukwaa, kijana mmoja wa Mwanza ambaye hatujaonana mpaka leo, alikuwa muungwana. Aliurekebisha mfumo ili mistari mirefu ijikunje: neno likikosa nafasi linashuka chini badala ya kutokomea. Tulishangilia, na shangwe yetu haikumaliza wiki.

Aliyetutoa usingizini ni Festo, dereva wa bodaboda wa kijiwe kilichokuwa mbele ya duka. Baba wa watoto wawili, simu yake ndogo ina ufa upande mmoja, na daftari lake alilitunza chini ya kiti cha pikipiki. Alikuwa mwanafunzi hodari kuliko mimi. Siku hiyo alikaa kwenye kompyuta, akaingiza alichonakili, ikakataa. Akaangalia upya, akaingiza tena, ikakataa.

"Dada, kompyuta yako hii ina kiburi," alisema. "Nimeandika kama nilivyoona. Neno kwa neno."

Nilimwendea, nikakagua neno kwa neno, na kweli hakukuwa na neno lililopungua. Nilikuna kichwa. Nyuma yetu taipureta ikanyamaza.

"Lete hilo daftari," Mchapaji alisema. "Na kioo chako."

Aliviweka sambamba mezani, akavaa miwani, akainama sana. Hakujua neno hata moja la programu. Alama zile za mabano na nukta pacha kwake zilikuwa takataka. Alisoma kama anavyosoma mswada wa mteja, akiburuta ukucha chini ya kila mstari, na ukucha ukasimama.

"Hapa umevuta pumzi," alimwambia Festo. "Kwa nini?"

"Mstari umeisha, Mama."

"Haujaisha. Umekosa nafasi. Aliyeandika hakupumua hapo."

Festo alinitazama. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Kompyuta ikiona mstari mpya hudhani ni agizo jipya, na Festo, kwa uaminifu wake wote, alikuwa ameandika kila kilichoshuka kwenye kioo kama mstari unaojitegemea. Agizo moja alilifanya mawili, na yote mawili hayakuwa na maana. Kila mwenye daftari Mjimwema alifanya vilevile. Nilikuwa na miaka miwili ya kusoma mambo haya na sikuona, na mama asiyejua hata kuwasha kompyuta aliona kwa ukucha.

Hisia ya siku ile haijawahi kuniacha. Nimekutana na watu wenye vyeti vya kujaza ukuta, lakini sijaona tena mtu akisoma kitu asichokijua na kukielewa kuliko wenyewe.

Baadaye ikawa desturi. Watu walimletea msimbo wao kama walivyomletea risala. Aliusoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, namna ya wachapaji wanapowinda makosa, kwa sababu ukisoma mbele maana inakubeba unaruka. "Huyu kafungua mlango, hakufunga," alisema, na kweli palikuwa na mabano yaliyosahaulika. Alipopatia hakucheka wala kujisifu. Alirudisha karatasi na kuuliza kama una swali jingine, maana ana watu wanasubiri.

Wiki ileile ya mkasa wa Festo, Mchapaji aliniambia kuhusu macho yake. Alisema wakati anakunja kitenge chake, bila kuniangalia. Daktari amempima, ni presha ya macho, imekwisha kula pembeni na inakuja katikati. Dawa atatumia, lakini kilichokwenda hakirudi. Hakusubiri nimpe pole.

"Hicho kisanduku chenu," alisema. "Nataka nikione kimekaa sawa kabla taa hii haijazimika."

Nilidhani ni neno la kunifariji mimi. Kumbe lilikuwa ombi, na pengine ndilo ombi pekee alilowahi kuniomba.

Nikaanza. Nilijifunza lugha ya kupamba kurasa, ile inayoiambia simu herufi ziwe na ukubwa gani na zikae wapi, nikakaa nayo jioni zote baada ya kufunga hesabu za duka. Mchapaji ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi. Alinionyesha kwenye taipureta namna alivyochapa orodha: kila jambo lina namba yake pembeni, na mstari ukiwa mrefu, kipande kinachoshuka husogezwa ndani nafasi nne na hakipewi namba. Jicho likipita pembeni linahesabu namba tu, halidanganyiki.

"Mstari uliokunjwa hauna namba yake," alisema. "Unakula kwa namba ya mama yake."

Kwa hiyo kisanduku chetu kingekuwa na namba kushoto, kipande kilichoshuka kingeingia ndani, na mstari usingekatwa katikati ya neno ila palipo na mwanya au mkato. Na mwenye kunakili kwa kidole badala ya kalamu angepata mstari mzima bila namba, kama ulivyoandikwa. Kusema ni rahisi. Nilikosea wiki nzima. Mara namba zilipanda juu ya maneno, mara kipande kilisogea ndani mpaka kikaanguka upande wa pili. Nikimwonyesha aliinamia kioo, pua ikikaribia kukigusa, halafu akasema, "Bado." Aliwahi kusema "Bado" mara nyingi katika siku moja hadi nikatoka nje kwenda kumlilia Festo, ambaye alinicheka.

Tulihitaji mfano wa kujaribia. Nilileta msimbo wa maana, wa kupanga ratiba. Akaukataa. Alitaka mistari ishirini, kila mmoja ukiiagiza kompyuta iandike jina la msichana mmoja. Aliniimbia majina hayo bila karatasi, moja baada ya jingine. La saba lilikuwa Maria Imakulata Kresensia, refu kuliko yote, na kwenye simu ya Festo ndilo pekee lililokunjika. La ishirini lilikuwa Skolastika. Nilimwambia kwamba mifano halisi ya wanaprogramu haifanani na hiyo, watatucheka. "Ishirini," alisema. "Usipunguze."

Nilipeleka pendekezo letu jukwaani. Majibu yalinichoma. Mmoja aliuliza ni nani siku hizi anayenakili msimbo kwa mkono. Mwingine alishauri watu wa mikoani wanunue kompyuta. Wa tatu, mwenye adabu kidogo, alisema namba na nafasi za ndani zinachafua mwonekano. Msimamizi akaandika kwamba anaona nia yetu ni njema, ila hajashawishika kwamba tatizo ni la wengi. Nilijibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikatuma tena baada ya miezi miwili, nikakataliwa tena.

Siku hiyo ya kukataliwa mara ya pili nilifunga duka mapema. Nilimwambia Mchapaji kwamba nimechoka, kwamba ni kisanduku tu, dunia haitaanguka kwa ajili ya mstari kukaa vibaya. Hakunigombeza. Aliniambia nikae.

Zamani, alisema, akiwa mchapaji mgeni, alipewa orodha ya wasichana ishirini waliochaguliwa kwenda kozi ya ukunga. Vitanda vya bweni vilikuwa ishirini, wala si kimoja zaidi. Alichapa majina bila namba, maana hakuambiwa aweke. Kwenye jina la saba kengele ililia, akakata palepale akashuka, kama wafanyavyo wageni wa kazi. Maria Imakulata juu, Kresensia chini. Karani aliyeandika tangazo la ukutani alisoma kwenda chini na kuhesabu mistari: Maria Imakulata wa saba, Kresensia wa nane. Alipofika ishirini akaacha. Jina la mwisho halikuingia.

"Alikuja," Mchapaji alisema. "Kutoka vijiji vya Namtumbo, na sanduku la bati kichwani. Alikuwa na barua ya kuitwa. Wakamwambia tangazo halina jina lake, na vitanda vimeshagawiwa. Kitanda chake kilikuwa kimegawiwa kwa Kresensia ambaye hayupo, kikakaa kitupu siku tatu, halafu wakampa binti wa mkubwa fulani."

"Hukusema, Mama?"

"Nilikuwa mezani, karibu na mlango. Nilimwona amesimama. Nikajua kosa liko wapi, niliona orodha yangu mkononi mwa karani. Nikaogopa kazi yangu." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Alisimama pale mpaka saa sita. Akabeba sanduku lake akaondoka. Skolastika. Sijui alikokwenda."

Miaka yote ile nilidhani ukali wake ni tabia tu, kama watu wengine walivyo na kisukari. Nikaona karatasi zote alizozichana kwa kosa la mstari wa mwisho. Nikaona kwa nini kengele haimwambii mtu akate.

"Kwa hiyo usiniambie ni kisanduku tu," alisema. Na akarudi kwenye taipureta.

Alichokifanya kesho yake nakihesabu kuwa kazi kubwa kuliko zote nilizoshuhudia. Alikuwa haoni tena pembeni, na katikati kulikuwa na ukungu. Alichapa kwa kumbukumbu ya vidole na kwa kengele. Kwenye karatasi moja alichapa msimbo uleule wa majina ishirini mara tatu. Safu ya kwanza mistari imekatwa na kutokomea. Ya pili imekunjwa hovyo, ikawa na mistari ishirini na moja. Ya tatu ina namba, na Kresensia amesogezwa ndani chini ya mama yake. Mkono ulipopotea njia alianza upya, mara nne kwa hesabu yangu. Chini kabisa akaandika: "Mheshimiwa Msimamizi, tafadhali mpe mtu yeyote anakili safu ya pili kwa kalamu, kisha mwambie ahesabu watu."

Niliipiga picha karatasi ile na kuiweka jukwaani bila neno langu hata moja.

Palikuwa kimya siku mbili. Siku ya tatu Msimamizi aliandika kwamba amempa mdogo wake kalamu, na mdogo wake amepata watu ishirini na mmoja. Baada yake wakafuata wengine, wa Kigoma, wa Mtwara, wa Tunduru, kila mmoja akikiri kwamba naye ana daftari, naye alidhani ni mjinga peke yake. Yule wa kununua kompyuta hakuonekana tena. Msimamizi akasema ataingiza pendekezo letu, ila jukwaa lina mambo mengi ya kusukwa upya na itachukua muda.

Aliniuliza jina la aliyechapa, ili ashukuriwe. Mchapaji akakataa katakata. Hataki jina lake lizagae kwenye vioo vya watu. Basi Msimamizi akanishukuru mimi. Nilimsomea tangazo hilo.

"Wamekushukuru wewe?"

"Ndiyo, Mama. Si ulikataa?"

"Nilikataa jina. Kengele je?"

Alininunia siku mbili nzima. Nilimwandikia Msimamizi aongeze neno, na mpaka leo kwenye maelezo ya mfumo ule kuna mstari mmoja usemao kwamba shukrani ziende pia kwa kengele ya taipureta ya Songea. Wageni hudhani ni mzaha wa wanaprogramu.

Kabla mabadiliko hayajafika, meza yake ilibaki tupu. Mwanawe alikuja kumchukua kwenda kuishi naye Mshangano, kwenye nyumba yenye shamba la mahindi nyuma, kwa sababu alikuwa ameanza kugonga kingo za milango. Taipureta aliiacha kwangu. Nilijaribu kuitumia, kengele ikanilia nikakata neno, nikaona aibu, nikaifunika.

Siku jukwaa lilipobadilika nilikuwa nauza bahasha. Nilifungua simu kwa mazoea na kisanduku kilikuwa kimekaa sawa. Nilimwacha mteja na bahasha zake, nikatoka nje nikamwita Festo. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Tulimkuta amekaa sebuleni, miguu imefunikwa kwa shuka, uso ameuelekeza ukutani kama anayetazama nje, ingawa dirisha lilikuwa upande mwingine. Alikuwa amekonda zaidi. Tulimwamkia, akatutambua kwa sauti, akamuuliza Festo habari za pikipiki na za watoto. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima namna ya kumwambia, na nilipofungua mdomo nikaanza kulia, mtu mzima mimi.

"Mama, kimekaa sawa," nilisema. "Kimekaa, na wewe huoni."

"Usinililie, nina masikio." Alinyoosha mkono hewani kuelekea kwa Festo. "Wewe ndiye uliyekuwa unapumua hovyo. Nisomee."

Festo alitoa simu yake, ileile yenye ufa. Akatafuta majina ishirini, ambayo kwake yalikuwa mfano wa kujaribia tu, kwa kuwa ile habari niliambiwa mimi peke yangu. Akaanza kusoma. Mchapaji aliweka kidole mezani, na kila mstari ulipoisha aligonga mara moja.

Jina la kwanza, akagonga. La pili, akagonga. Festo hakuwa na haraka. Nilisimama nyuma yake nikiangalia kioo, na tulipokaribia la saba nilizuia pumzi. Kwenye simu ile jina lilivunjika palepale lilipokuwa likivunjika siku zote, Maria Imakulata juu, na chini yake, limesogezwa ndani, halina namba, Kresensia.

"Maria Imakulata Kresensia," Festo alisoma kwa mkupuo mmoja.

Kidole kilikuwa kimeinuka, kinasubiri. Kikashuka mara moja tu. Akatabasamu, na mimi sikuwahi kuyaona meno yake mengi kiasi kile.

Wakaendelea. Kumi, kumi na tano, kumi na tisa. Alipogonga la kumi na tisa aliinua mkono kumsimamisha Festo. Aliketi vizuri, akarekebisha kanga mabegani kama mtu anayetarajia wageni.

"Namba ishirini," alisema. "Nani?"

"Skolastika, Mama."

"Yumo?"

"Yumo. Ana namba yake."

Mchapaji aligonga meza kwa upole. Kidole kilibaki juu ya mbao.

"Basi mwambie apite," alisema. "Amesimama sana hapo mlangoni."

Festo, ambaye hakujua habari ile, aliweka simu mezani, akainuka, akaenda kufungua mlango.